Plasta Nne

Kwa miaka kumi na miwili Mshamu alipiga gitaa la besi, ambalo vyuma vya shingoni humwonyesha mpigaji pa kubonyeza. Kisha akahamia besi la kusimama, lile kubwa kama fidla ya kimo cha mtu, lisilo na vyuma hivyo. Basi akabandika plasta nne kwenye shingo ya besi lake la bei rahisi, zimwongoze.

"Sauti imepanda, imeipita noti," mkewe Zamda alisema kutoka jikoni, akikanda unga.

"Nimebonyeza penye plasta."

"Plasta haina masikio, baba Nuru. Imepanda."

Mshamu alirudia mpaka malengelenge ya vidoleni yakapasuka, damu ikalowesha nyuzi. Hakuliacha. Alizibandua plasta zote, akazifunga vidoleni, akafumba macho na kubonyeza.

Jikoni, mikono ya Zamda ikatulia juu ya unga.