Mgongo wa Mayige

Siku ya pili ilikuwa inaelekea jioni, na Mama Domitila alikuwa bado hajauona uso wa mwanamume aliyekuwa anawaongoza.

Mgongo wake aliujua vizuri. Ulikuwa mpana, umevaa shati la kaki lililofifia mabegani, kola imeshonwa kwa uzi mweusi. Kofia ya majani nayo aliijua. Mayige aliivuta mbele jana asubuhi kule kambini, alipoisoma karatasi yenye majina ya wageni. Kabla ya hapo alisikika akicheka na wapishi. Baada ya hapo akazunguka upande wa pili wa farasi, akabaki huko.

Wageni wenyewe walikuwa wawili tu: Domitila, mjane wa kijiji cha Sapiwi, na Winnie, binti wa kaka yake, aliyekuja likizo kutoka Mwanza. Winnie ndiye aliyepanga matembezi hayo, siku tatu juu ya farasi katika vilima vya mawe vya Bariadi, na kulala kwenye mahema.

"Shangazi, unakalia tandiko kama kigoda cha jikoni," Winnie alimtania.

"Kigoda hakijawahi kunipeleka korongoni. Niache."

Farasi wake, jike wa kahawia mwenye doa jeupe puani, alipanda pole pole akichagua pa kukanyaga. Kule chini pamba ilikuwa imepasuka, na wanawake waliinama wakichuma, viroba vimefungwa viunoni.

"Dada Winnie," Mayige alisema kutoka mbele, "mwambie mayu, huyu mama, alegeze hatamu. Farasi anaijua njia."

"Si umwambie mwenyewe? Masikio anayo."

"Mwambie tu, dada."

Winnie akageuka. "Haya, umesikia. Nadhani hiyo miwani yako inamtisha."

Domitila hakucheka. Asubuhi alikuwa amemsalimia, "Mwangaluka, baba," na mtu mzima yule akachuchumaa nyuma ya farasi kama mtoto, akaitikia akiwa huko huko. Mchana, walipokula, alichukua sahani yake akaenda nyuma ya jiwe. Winnie aliapa kwamba wakirudi angemshitaki kwa dharau.

Lakini Domitila alikuwa na wazo lake. Mtu anayeficha uso anaficha na jambo.

Na yeye hakuja kutalii. Miaka sita iliyopita binti yake Esteria aliondoka na mwanamume ambaye hakuleta hata ndama wa mahari. Baba yake Esteria alisema mtu huyo ni mwizi, hana adabu, na jina lake lisitajwe katika nyumba ile. Halikutajwa; hata Domitila hakuwahi kulijua, wala kuiona sura yake. Siku hiyo Domitila alikuwa jikoni anasonga ugali. Alimsikia binti yake akilia uani, akaendelea kusonga mpaka ugali ukawa mgumu kama udongo. Hakutoka.

Mzee alizikwa Februari. Siku ya arobaini, mwanamke mmoja wa Dutwa akamwambia kwamba mwaka juzi alimwona Esteria akiwapikia watalii wa farasi. Ndiyo maana Winnie alipotaja farasi, shangazi mtu alikubali kabla hajamaliza kusema. Kwenye mkoba alikuwa na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, ile ya vyekundu, kwa sababu Esteria hakuipenda ile ya vyeupe. Na maneno alikuwa nayo. Aliyafanyia mazoezi njia nzima: Mwanangu, baba yako hayupo tena. Rudi nyumbani. Mimi nilikosa.

Walipofika kwenye uwanda mdogo juu ya kilima, alishindwa kuvumilia.

"Wewe baba!" aliita. "Namtafuta binti anaitwa Esteria. Alikuwa anapika kambini kwenu. Unamfahamu?"

Farasi wa mbele akasimama. Mgongo ule mpana ulitulia kama ukuta. Mayige akawafukuza nzi masikioni mwa farasi.

"Dada Winnie," alisema taratibu sana, "mwambie mayu namfahamu. Mwambie leo hii nitamfikisha alipo."

Winnie hakuwa na haja ya kurudia. Domitila alikwishaanza kulia, akifuta machozi kwa ncha ya khanga, akicheka humo humo. Akauliza kama binti amenenepa. Akauliza kama ana watoto. Mayige aliinama kukagua njia, na Domitila hakuona ajabu. Njia ya kuteremka ilikuwa mbaya, yenye mawe yanayoviringika.

Jua lilikuwa bado lipo walipoingia kwenye boma moja lililo peke yake chini ya kilima. Nyumba ya tofali za udongo, uwanja umefagiliwa vizuri, mistari ya ufagio bado inaonekana. Winnie alimsaidia shangazi yake kushuka. Mayige alisimama mbali, akielekea ukuta, mikono yake ikihangaika na kamba za tandiko.

"Esteria!" Domitila aliita. "Esteria, mwanangu, ni mimi!"

Kuku mmoja alitoka mlangoni. Mtu hakutoka.

"Mayu," Mayige alisema. Safari hii hakumtuma Winnie. "Yuko nyuma ya nyumba. Tulimzika mwaka jana mwezi wa tatu, pamoja na mtoto aliyeshindwa kuzaliwa. Nilituma mtu Sapiwi siku ile ile. Mzee alimrudisha kabla hajafika mlangoni."

Winnie alimdaka shangazi yake asianguke. Domitila akamsukuma. Sauti iliyomtoka hata yeye mwenyewe hakuitambua.

"Siku mbili unaniacha nacheka, na sasa unaniambia neno kama hilo umenipa mgongo! Wewe ni mtu gani? Geuka! Nitazame usoni!"

Mwanamume yule alipiga magoti pale pale alipokuwa, akaegemeza paji la uso ukutani, mabega yake yakitikisika.

"Mila inanikataza kukutazama, mayu," alisema. "Mimi ni mkweo."