Hapana na Hapa Pana

Kuuliza ni ujinga. Atupele aliliamini hilo tangu mahema yaanze kuuliza. Siku hizi hupigi kambi msituni kabla hema halijakuhoji, na jibu lako husambazwa kwa kila mwenye ndoano. Ukisema uongo, hema huusikia moyo wako ukienda mbio, nalo halifunguki.

Alikuwa amechagua mahali penye mianzi, hatua chache kutoka kwenye kina cha mto alichoonyeshwa na marehemu mama yake. Vina vingine vyote vya mto huo vilikwisha kuvuliwa hadi vifaranga.

"Hapo pana samaki?" hema likauliza.

Moyoni Atupele alisema hapa pana. Mdomoni akameza silabi moja. "Hapana samaki."

Hema likafunguka. Mumewe, Asajile, akaangua kicheko. "Mke wangu, ulimi wako unateleza kuliko kambare!"

Hema likasema kwa upole, "Asajile, mwenzako amesema nini hasa?"

Kicheko kikamkauka. Hema lilikuwa jipya, amelinunua Atupele mwenyewe, na tangu watoke nyumbani hakuna aliyemtaja mumewe kwa jina mbele ya hema hilo.

"Limekujuaje?" Atupele akamuuliza.

"Aa, mama, usianze." Asajile aliinamia viatu vyake. "Liombe radhi tu, yaishe."

Atupele akakumbuka ni nani mwingine aliyevijua vina vyote vilivyovuliwa, akaanza kung'oa vigingi, kimoja kimoja.

"Siliombi radhi," alisema. "Na wewe sikuombi."