Mwandishi Ni Mwanamke

"Mtoto wa miaka tisa, mwenye njaa!"

Mapokezi ya kliniki ya meno yakalipuka kwa kicheko. Tovuti ilikuwa imesoma tangazo la daktari kuhusu usafi wa choo na kubashiri aliyeliandika. Karani alikuwa ameigundua asubuhi hiyo: unabandika maneno, unabonyeza, inakutajia mwandishi ni mtu wa aina gani. Barua yake mwenyewe ya kuomba likizo iliambiwa ni ya mwanajeshi mstaafu.

"Hebu tia jumbe za mchumba wako," nesi akamchokoza.

Mchumba alikuwa fundi wa lifti, mtu wa "eeh" na "sawa". Ana kwa ana, kumtoa neno ilikuwa kama kukamua dawa ya meno iliyokwisha. Lakini kwenye simu, we acha tu! Jumbe zake ndizo zilizomfanya karani akubali posa. Kila jioni karani alimsomea mama yake, naye mama alikuwa akisimamisha cherehani, anafumba macho na kusema, "Rudia hapo pa mwisho."

Karani akabandika ujumbe wa jana. Jibu likaja: *Mwanamke. Amepita miaka sitini. Anapenda kuamrisha.*

Nesi alicheka hadi akakaa sakafuni. Karani naye alicheka, kisha akalisoma tena lile jibu. Mama mkwe mtarajiwa amepita sitini, na kuamrisha ndiyo kazi yake.

Alifika nyumbani amefura.

"Mama, harusi hakuna! Yule bwana anaandikiwa na mama yake!"

"Mama yake?" Mama alishika kiuno. "Yule? Hana neno tamu hata la kumwitia paka!"

"Basi aniandikie mwenyewe, leo hii. La sivyo, pete namrudishia."

Akamtumia mchumba maneno hayo hayo, akajifungia chumbani na simu mkononi. Hasira zikaanza kumtoka, hofu ikachukua nafasi. Itakuwaje asipojibu? Kumbe alimpenda yule bubu wake, hata na ile "eeh" yake.

Upande wa pili wa ukuta, simu ya mama ikalia. Mama alipokea kwa mnong'ono.

"Nyamaza, mkwe wangu, usilie. Shika kalamu. Andika hivi..."