Moja Mara Tatu

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano jioni, siku ya kwanza ya Ramadhani, adhana ilianza. Katika makao ya wazee mjini Garissa, bibi mmoja alikuwa na vidonge vitatu vya dawa ya kisukari kiganjani.

"Ayeeyo, bibi yangu, ngoja," muuguzi alisema. "Kwa nini vitatu?"

Kinsi, mhudumu wa zamu, alimwonyesha bahasha ya dawa. Iliandikwa 1 × 3.

"Si amefunga? Cha asubuhi na cha mchana nimemwekea mpaka futari."

"Hivyo viwili navyo vilifunga," bibi alisema. "Viache vifuturu."

Muuguzi hakucheka. Vitatu kwa pamoja vingeweza kushusha sukari mpaka bibi asiamke tena.

Bibi alikuwa amekunja ngumi. Muuguzi alivifungua vidole vyake kimoja kimoja, vikavu, kucha zikiwa na hina ya rangi ya chungwa. Akachukua vidonge viwili, akamwachia kimoja.

"Na wengine wa sukari waliofunga?"

Kinsi aligeuka kutazama ukumbini. "Hao niliwagawia kwanza."

Ukumbini wazee wanne walikuwa wanakunywa uji. Vikombe vyao vya dawa vilikuwa vitupu.