Kengele Aliyoisugua Bi Sikudhani

Katika mji ule, sheria ilisema mtu hanyongwi mpaka kengele ya mnarani ilie, na wa kuivuta ni mama wa aliyeuawa, si mwingine. Kwanza huisugua kwa majivu na ndimu, peke yake, ndipo hushuka akashika kamba.

Bi Sikudhani alikuwa amekwisha kushuka. Ukungu ulilala juu ya mapaa kama usufi. Pale uwanjani alisimama Hemedi, aliyemuua Shukuru, mwana wa Bi Sikudhani, miguu mitupu, vifungo vya shati vimepishana. Mnyongaji alitega sikio.

"Vuta, mama yangu," mkuu wa mji alimbembeleza. "Watu wamekuja tangu alfajiri, na kura ni Jumapili."

"Kura zako hizo, baba. Mwanangu hapigi kura."

"Kumbe unamwonea huruma muuaji?"

"Hata! Kumtazama sitaki. Ila Shukuru bado ananiita masikioni, taratibu kabisa. Mngurumo wa kengele utamfunika."

"Sheria inasema uvute."

"Basi navuta."

Akavuta kwa nguvu zake zote. Kengele ikayumba huku na huku, inang'aa, wala haikutoa sauti. Njiwa hawakuruka. Mkuu wa mji akainua uso, na uwanja mzima ukainua nyuso.

Ulimi wa kengele ulikuwa umevishwa sweta la kijani, lile la Shukuru lenye kiraka kiwikoni. Mkono mmoja wa sweta ulichomoza nje, ukawa unapunga ndani ya ukungu.