Kilo Tatu za Meneja

"Kidole juu, tukione!" mama mkwe alisema.

Muuza nyama akainua mkono wa kulia kama mtu anayekula kiapo. Wa kushoto ukabaki umeshika mizani, maana meza ilikuwa inachechemea. Juu ya sahani alikaa sungura mweupe mwenye sikio moja jeusi, anatafuna hewa, hana habari kwamba anajadiliwa yeye.

Mshale ukacheza, ukatulia.

"Kilo mbili na nusu," muuza nyama alisema. "Ana bahati."

"Hana bahati, ana mimi." Mama mkwe akamnyakua, akaondoka naye.

Sungura aliitwa Meneja, kwa sababu kazi yake ilikuwa kula na kutazama wengine wakihangaika. Mama mkwe alihamia kwa binti yake na begi moja, redio moja na Meneja ndani ya kizimba. Siku hiyohiyo mkwewe alitoa hukumu mlangoni, aproni bado ina damu.

"Wewe, mama, karibu. Kaa mpaka uchoke. Lakini mimi nauza nyama. Watu wakisikia nimeweka nyama nyumbani na nimeipa jina, nitachekwa mtaa mzima. Huyu akifika kilo tatu, anakuja buchani."

"Na asipofika?"

"Ataendelea kula bure, kama wengine."

"Wengine akina nani?"

Mkewe akamkanyaga mguu.

Basi kila Jumapili, vyombo vikishaondolewa, Meneja alipandishwa mizani. Ilikuwa mizani ya zamani ya buchani, iliyostaafishwa baada ya malalamiko. Wateja walimwita muuza nyama Kidole. "Kidole, toa kidole chako hapo," walimwambia, "nimekuja kununua mbuzi, sikuja kukununua wewe." Akiweka nyama kwenye sahani, kidole chake kilishuka nayo, kikabonyeza, kikatoka kabla hujapepesa jicho. Mama mkwe alizijua habari hizo tangu kabla ya harusi. Alijua kidole hicho kikigusa sahani mara moja tu, Meneja yuko kwenye sufuria.

Kwa hiyo alipambana. Jumamosi Meneja alipewa majani makavu na maji, basi. Jumapili asubuhi alikimbizwa koridoni kwa kandambili mpaka masikio yakalala. Alichanwa kwa brashi, kwa kuwa manyoya nayo yana uzito. Alikatwa kucha. Halafu hakuna aliyeruhusiwa kumsogeza mpaka ajisaidie.

"Mama, si vipunje tu vile?" binti yake alisema.

"Hata tembo hupungua akienda choo. Niache."

Adui naye hakulala. Kila jioni alirudi na mfuko wa majani ya karoti kutoka kwa muuza mboga jirani yake. "Mnenepesheni," alisema, akiutupa sakafuni. Kisha alichuchumaa mbele ya kizimba, akaingiza mkono, akambonyeza Meneja mgongoni na mbavuni. Mtu huyu angeweza kukutajia uzito wa mbuzi aliye ng'ambo ya barabara, na asikosee.

"Bado, bado," alinung'unika, akaenda kunawa.

Miezi ikapita. Meneja akawa hawezi tena kugeuka ndani ya kizimba, wakawa wanamwacha azurure sebuleni. Ni yeye aliyeutafuna mguu wa meza mpaka meza ikaanza kuchechemea.

"Mume wangu, tengeneza hiyo meza," mkewe alisema.

"Kesho."

Alitengeneza mlango wa bucha, paa la jiko na geti la jirani. Meza ilibaki kesho.

Jumapili moja, katikati ya kupima, muuza nyama alipiga chafya. Mkono wa kushoto ukateleza. Mshale ukaruka, ukaikaribia tatu, kisha ukarudi chini.

Mama mkwe aliona. Alimfuata binti yake jikoni.

"Nimekuwa mjinga! Siku zote natazama mkono mmoja, kumbe mwizi ana miwili! Ule wa kushoto ndio unaomsukumia mwenzangu kilo."

Wiki ile alitafuta kipande cha mbao, akakisawazisha kwa kisu, akakigongomea chini ya mguu uliotafunwa. Meza ikasimama kama ukuta.

Jumapili ikafika.

"Leo mikono yote juu," alisema.

"Mizani itaanguka, mama."

"Haianguki. Meza nimeitengeneza mwenyewe. Tikisa."

Muuza nyama akatikisa. Meza haikusogea. Akamtazama mkewe, akajikuna shingo.

"Leo tumwache. Naona ametoka kula."

"Hajala cha maana tangu jana! Unataka umpime wiki ijayo akiwa ameshiba? Mikono juu!"

Akainua yote miwili, kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Mama mkwe akamweka Meneja kwenye sahani, akarudi nyuma, amekunja mikono kifuani kama mshindi.

Mshale ukapanda. Ukaipita mbili na nusu. Ukaipita tatu bila hata kuisalimia. Ukasimama karibu na nne.

Redio ilikuwa inajisemea peke yake chumbani. Mama mkwe alimtazama Meneja, akakitazama kile kipande cha mbao alichokigongomea kwa mkono wake mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha karibu.

Muuza nyama alishusha mikono. Akainama chini ya meza, akakichomoa kipande cha mbao, akakitupa nje ya dirisha.

"Ufundi huuwezi, mama. Meza bado inayumba," alisema. Kisha akaishika mizani kwa mkono wa kushoto, kama kawaida yake, kidole gumba chini ya sahani, na mshale ukarudi taratibu mpaka mbili na nusu.