Sura ya Lango

"Kanywe chai," mkuu wa zamu alimwambia askari aliyemleta mwandishi. "Na usirudi mpaka nikuite."

Kisha akafunga mlango na kusukuma komeo.

Mwandishi alibaki amesimama katikati ya ofisi ya gereza. Asubuhi, walipomjia nyumbani, dada yake alimvisha sweta mbili, moja juu ya nyingine, na joto lote lile. "Sakafu ya kule ni baridi," alimnong'oneza, akijikaza asilie mbele ya askari. Sasa jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni.

"Keti, mama."

Akaketi. Mkuu wa zamu alivuta droo, akatoa kitabu. Kilikuwa chake yeye mwandishi, jalada limebanduka, kurasa zimechakaa kwa kupekuliwa. Kitabu hicho kilipigwa marufuku mara tu kilipotoka, na waliokutwa nacho walikwenda na maji.

Kilisimulia nchi ambayo mtawala wake alianza kwa kufunga magazeti. Watu wakasema afadhali, magazeti yalizidi umbea. Akafunga mahakama; wakasema kesi nazo zilichelewa mno. Alipoanza kufunga watu, wakasema lazima kuna kitu wamefanya.

"Umetuandika sisi?"

"Ni hadithi tu, mzee. Nchi yenyewe haina hata jina."

"Haina jina," mkuu wa zamu alirudia. Hakucheka. Aliwasha redio iliyokuwa dirishani, akaongeza sauti mpaka vioo vikatetema.

Mwandishi alikuwa amesikia habari za redio hizo. Zilifunguliwa ili mayowe yasifike barabarani. Akashika ukingo wa kiti.

"Sura ya mwisho," mkuu wa zamu alisema. "Askari magereza wanafungua lango, wafungwa wote wanatoka. Nani alikusimulia?"

"Nilibuni."

"Yule askari wa kwanza alijuaje kwamba mwenzake hatamchongea?"

"Sijui."

"Hujui! Umeandika, 'Wakaelewana.' Basi. Wakaelewana vipi? Alimwambiaje?" Alipiga meza kwa kiganja. "Nataka maneno yenyewe!"

Hapo mwandishi aliuona mtego. Walikuwa wanawasaka askari wenye moyo laini, na jina lolote ambalo lingemponyoka, la kweli au la kubuni, mwenye nalo asingeiona kesho. Akaapa moyoni kwamba hatamponza mtu.

"Simjui askari hata mmoja," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu. "Nifunge ukitaka. Nilikaa mezani kwangu siku nzima nikitafuta maneno yao, nikayakosa, nikaruka."

"Ukaruka."

"Ndiyo. Nilishindwa."

Mkuu wa zamu alikisukuma kitabu kando. Akakaa kwenye ukingo wa meza, akavua kofia. Kisha akainama karibu kabisa, mdomo sikioni mwa mwandishi.

"Basi yabuni sasa hivi, dada yangu," alinong'ona. "Mchana huu lango tunalishika mimi na mwenzangu, na bado sijui nianze vipi kumwambia."